Mwanachama Aliyeshikwa na Pombe, na Kikundi Kiwezacho Kumsaidia

Somo hili lahusu jambo lisiloandikwa katika daftari lolote la chama, ijapokuwa kila katibu alijua. Msimu wa kahawa unapokwisha na malipo kutolewa, wapo wanachama ambao fedha zao hazifiki nyumbani. Kilo zilipimwa kwa haki, stakabadhi zilikatwa, benki ikaingiza fedha. Baada ya juma moja mke wa mwanachama yuaja ofisini kuuliza kama malipo ya pili yamekwisha kutoka. Katibu hutazama chini, kwa sababu ajua kwamba yalitoka, na ajua pia yalikokwenda.

Desturi ya kamati nyingi ni kumwonya mwanachama wa namna hiyo, na akirudia kumkaripia mbele ya mkutano. Akirudia tena huachwa, na watu husema kwamba huyo amekwisha. Matokeo ya desturi hiyo yajulikana. Mtu aonywaye hadharani huona haya, mwenye haya hutafuta pa kujificha, na mahali anapopajua ni kilabuni. Sheria nayo imejaribu kwa upande wake. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na gongo imekuwa haramu kwa miaka mingi. Hatua kama hizo huweza kupunguza pombe madukani, lakini haziketi na mtu usiku anapoamka na kiu.

Hapana budi kwanza kumtofautisha mtu anywaye na mtu aliyeshikwa. Mbege huko Kilimanjaro, ulanzi huko Iringa na mnazi huko pwani ni vinywaji vya desturi, na wengi huvinywa katika sherehe, wakarudi nyumbani salama na kesho yake wakaamkia shambani. Aliyeshikwa ni mwingine. Huyu hunywa asubuhi ili mikono isitetemeke. Huapa Jumatatu kwamba ameacha, na siku hiyo kiapo chake ni cha kweli kabisa, lakini Jumatano hakipo tena. Huficha chupa katika magunia ya mbolea. Huuza mche wa kahawa ungali na maua, yaani huuza mavuno yasiyokuwapo bado, kwa bei ambayo mtu mzima wa akili asingeikubali. Shirika la Afya Duniani huihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, na katibu aielewaye hivyo ataacha kushangaa kwa nini maonyo hayafai kitu. Hakuna aliyepona malaria kwa kukaripiwa.

Kabla ya kufika kwenye kikundi, liko onyo moja ambalo halifai kurukwa. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu asiambiwe aache ghafula akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe huchafuka inapoondolewa. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho mtu huanza kutetemeka, kutokwa na jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza aweza kupatwa na degedege, hata ikiwa hajapata kuugua kifafa maishani mwake. Kisha, yapata siku ya pili au ya tatu, wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu na watu wasiokuwapo, na mwili ukapanda joto. Hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Mara nyingi ndugu hudhani mgonjwa amerogwa, wakampeleka kwa mganga, na saa za kumwokoa zikapita njiani. Mahali pake ni hospitali, ambako hupewa dawa za kuutuliza mwili kwa siku kadhaa pamoja na vitamini B1, ambayo huwa imepungua katika miili ya walevi wengi. Kumfungia mlevi chumbani mpaka pombe imtoke, kama wafanyavyo jamaa wengine kwa nia njema, ni kumhatarisha.

Tabibu huuondoa mwili katika hatari. Lakini mtu atokaye hospitali hurudi katika kijiji kile kile, njia ile ile, na rafiki wale wale wakimngojea penye kona. Hapo ndipo kikundi huhitajika.

Vikundi hivi vina asili yake. Mwezi wa Mei 1935, dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa amekaa kiasi cha miezi mitano bila kunywa. Biashara iliyompeleka huko ikaharibika, akabaki peke yake katika hoteli yenye baa, mfukoni hana kitu cha maana. Akaona kwamba asipompata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, atakunywa. Akaenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa makanisa ya mji ule mmoja baada ya mwingine, mpaka akaelekezwa kwa daktari mpasuaji aliyeitwa Bob Smith, ambaye kazi yake ilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya pombe. Daktari alikubali kuonana naye shingo upande, akaweka sharti la dakika 15 tu. Wakakaa kiasi cha saa sita.

Habari hiyo yafaa kutazamwa kwa makini na kila kamati. Kuhusu madhara ya pombe mwilini, daktari alijua zaidi ya dalali. Mashauri alikuwa amekwisha kupewa ya kutosha. Lakini mgeni aliyeketi mbele yake safari hii hakuja kumwonya. Alikuja kueleza yaliyompata yeye mwenyewe, tena akasema waziwazi kwamba amekuja kwa sababu yeye ndiye ahitajiye msaada.

Wala daktari hakupona siku hiyo. Wiki chache baadaye alikwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akalewa tena. Alirudi, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho. Ilikuwa bia, nayo alipewa na Wilson mwenyewe asubuhi hiyo ili mikono itulie, maana kulikuwa na mgonjwa wa kupasuliwa. Siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiojitaja majina kamili, kwa kifupi A.A. Mwaka 1939 wanachama wakiwa kiasi cha 100 walichapa kitabu chenye jina hilo hilo, nacho kina hatua 12 za kufuata. Katika hizo mtu hukiri kwamba ameshindwa na pombe, humtegemea Mungu kwa kadiri yeye mwenyewe amjuavyo, huyapima maisha yake bila kujipendelea, huwatengenezea wale aliowadhulumu, na hatimaye huwapelekea walevi wengine yale aliyoyapata.

Yafaa kuuliza kama faida yake imepata kupimwa. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane ilitoa mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Ilionekana kwamba mipango ya kuwaongoza wagonjwa kwenye A.A. ilifanya vizuri sawa na matibabu mengine yaliyolinganishwa nayo, na kwa upande wa kuacha kabisa na kuendelea kuacha, mara nyingi ilifanya vizuri zaidi, tena kwa gharama ndogo. Haina maana kwamba kila aendaye hupona. Wengine huenda mara moja wasirudi, na wengine huanguka mara kadhaa kabla ya kusimama.

Mwanaushirika akizitazama kanuni za vikundi hivi ataona undugu. Hata suala lenyewe la pombe si geni katika ushirika kama wengine wadhanivyo. Wale waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliandika mwaka 1844 kati ya shabaha za chama chao kwamba wafungue hoteli isiyo na pombe. A.A. nayo, katika mapokeo 12 iliyoyapitisha Cleveland mwaka 1950, iliweka mambo ambayo kila katibu atayatambua: uanachama uko wazi, na sharti lake ni moja tu, yaani nia ya kuacha kunywa, kila kikundi hujitawala katika mambo yake, na kila kikundi hujitegemea kwa michango ya watu wake, hakipokei fedha kutoka nje.

Lakini iko tofauti ambayo humsumbua sana mtu aliyezoea kazi za chama. Kikundi hakina daftari la wanachama. Hakina kiingilio wala hisa. Hakuna muhtasari unaoandika nani alisema nini, na hakuna azimio la kupitishwa. Katibu yuko, naam, lakini kazi yake ni kufungua mlango, kupanga viti na kuona kwamba maji ya chai yamechemka, na baada ya miezi michache humwachia mwingine. Haikosi makatibu wengine watalionea wivu jambo hilo.

Mkutano wenyewe huchukua saa moja au zaidi kidogo. Husomwa maneno mafupi ya kufungulia. Kisha mtu husema jina lake la kwanza, hukiri kwamba yeye ni mlevi, na kueleza alivyokuwa, yaliyotokea, na alivyo sasa. Wengine husikiliza. Hakuna amkataye kauli, hakuna amhukumuye, na hakuna ampaye shauri asiloliomba. Akimaliza, mwingine huanza. Asiyetaka kusema huruhusiwa kukaa kimya mpaka mwisho. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni halazimiki kutoa. Yasemwayo humo hayatoki nje. Mwishoni mara nyingi huombwa sala fupi. Kwa kuwa mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, Mwislamu aweza kuona kama amepotea njia, lakini A.A. si ya dini yoyote, na wakati wa sala aweza kukaa kimya au kuomba kwa namna yake. Mwislamu aliyeshikwa na pombe ana mzigo wa ziada wa kujificha, na kwa ajili hiyo wenzake msikitini huwa wa mwisho kujua.

Mikutano ni ya namna mbili. Iko ya wazi, ambayo hata mke, rafiki au katibu aweza kuhudhuria asikilize. Na iko ya faragha, ya wale tu wenye shida hiyo. Mtu aendaye mara ya kwanza na mwenziwe hana budi kuuliza ni mkutano wa namna gani, asije akamwona mwenziwe akirudishwa mlangoni, naye akapata kisingizio cha kuondoka.

Namna ya kukipata kikundi yategemea mahali. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam mikutano ipo. Kwa mwanachama wa kijijini, mlango ulio karibu ni hospitali ya wilaya au ya mkoa, katika sehemu ya afya ya akili, na pia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Paroko au mchungaji ambaye ukumbi wake hutumika kwa mikutano hiyo naye atajua siku na saa. Kwa Kenya, shirika la serikali liitwalo NACADA lina simu isiyolipiwa, namba 1192. Ziko pia nyumba za upataji nafuu, Zanzibar na Bara, ambazo nyingi zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, lakini hufuata hatua 12 zile zile, na wasimamizi wake ambao wengi waliwahi kutumia huwajua watu wa A.A. Tena, aliye mbali na mji aweza siku hizi kuhudhuria mikutano kwa simu yake kwa njia ya intaneti, jambo lililoenea sana tangu mwaka 2020. Mtu akipata habari za mkutano, na apige simu kwanza kuhakikisha, maana siku hubadilishwa na kumbi huhamishwa. Aulize pia lugha itumikayo. Mkulima aliyesafiri saa tatu na kukuta mazungumzo yote ni ya Kiingereza hatarajiwi kurudi tena.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu. Wengi hufika mpaka mlangoni wakageuka. Kwa hiyo yafaa asiende peke yake, na afike mapema kidogo, amwambie wa kwanza amwonaye kwamba ni mgeni. Asiende akiwa amelewa ikiwa aweza kujizuia. Lakini ikiwa hawezi, ni afadhali aende na kukaa kimya kuliko kutokwenda. Asiupime mkutano kwa siku moja. Desturi ya zamani ya A.A. ni kumshauri mgeni ahudhurie mikutano 90 katika siku 90, na ijapokuwa hesabu hiyo haiwezekani kwa mtu akaaye vijijini, maana yake yaeleweka: mwanzoni aende mara nyingi kadiri awezavyo, na siku zisizo na mkutano azungumze kwa simu na mmoja wao. Baada ya muda atachagua mlezi, mtu aliyekaa miaka bila kunywa, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Huyo si mdhamini wa mkopo, hadhamini kitu. Ni mtu wa kupigiwa simu saa nne za usiku kabla ya kikombe cha kwanza. Wala mgeni haapizwi kwamba hatakunywa maisha yake yote. Huombwa asinywe leo.

Wake na watoto nao wana kikundi chao, kiitwacho Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951 na wanawake wawili, mmoja wao akiwa Lois, mkewe Wilson. Huko hawafundishwi kumlinda mume kwa mlango. Huzungumza na wenzao walioishi maisha hayo hayo. Hapa pana jambo gumu ambalo vijiji vya mbege vyalijua vizuri: mara nyingine mke ndiye apikaye pombe, na ada ya shule hutoka katika pipa lile lile limwangushalo mumewe. Asilaumiwe kwa haraka. Akitaka kuacha biashara hiyo atahitaji njia nyingine ya kupata fedha, na hilo chama chaweza kulisaidia kuliko kikundi chochote.

Je, katibu na kamati wafanye nini? La kwanza ni kuchagua wakati. Mlevi haambiwi kitu akiwa amelewa, wala siku ya malipo. Aitwe asubuhi, na mtu mmoja ambaye humheshimu, si kamati nzima, aelezwe yaliyoonekana bila matusi: siku alizokosa kuleta kahawa, deni la pembejeo lililobaki, shamba lisilopaliliwa. Kisha aambiwe kwamba ipo hospitali, kipo kikundi, na yupo mtu wa kumsindikiza. Akikataa, mlango ubaki wazi.

Juu ya fedha, katibu ajihadhari. Malipo ya mwanachama ni mali yake, na katibu hana ruhusa ya kumpa mke kwa siri, hata akimhurumia namna gani. Iliyo halali ni mwanachama mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kuandika na kutia sahihi kwamba malipo yake yaingizwe katika akaunti yenye sahihi mbili, yake na ya mkewe. Wengi waliokwisha kuanza kuhudhuria kikundi hupendelea mpango kama huo kwa hiari yao, kwa kuwa fedha nyingi mkononi kwa siku moja ni jaribu kubwa kwa mtu aliyeacha juzi.

Na akianguka tena, kamati isifanye mkutano juu yake. Kuanguka ni sehemu ya ugonjwa huu kwa watu wengi, kama ilivyomtokea daktari wa Akron huko Atlantic City. Lakini kusamehe anguko si kufuta deni. Deni la pembejeo hupangiwa upya kwa masharti ya kawaida, na hulipwa.

Huenda baada ya mwaka mmoja au miwili wakapatikana kijijini watu wawili au watatu walioacha, waliochoka kusafiri kwenda mjini. Kwa mapokeo ya A.A., hao wawili au watatu watosha kuwa kikundi, mradi kikundi chao kisiwe tawi la chombo kingine chochote. Hapo ndipo hamu ya kamati huwa kubwa: kukisajili, kukipa mwenyekiti, kukiandika katika taarifa ya mwaka kama mradi wa chama. Wasifanye hivyo. Kikundi kikishakuwa cha kamati, mlevi ambaye ana deni kwa kamati hatakanyaga humo, na huyo ndiye aliyekusudiwa.

Chama kiwakodishe chumba. Chaweza kuwa ofisi ya zamani au pembe ya ghala wakati usio wa msimu, jioni, mahali ambapo mtu aweza kuingia bila kupita mbele ya duka. Kodi iwe ndogo, lakini iwepo na ipokewe, kwa sababu watu hao hawataki kubebwa, nao watakuwa wameichanga wenyewe katika kikapu. Katibu akate stakabadhi kama kawaida. Mahali pa jina aandike siku ya mkutano tu, kwa mfano kikundi cha Jumamosi, na ufunguo amkabidhi aliyeleta fedha. Mjumbe wa kamati asisimame nje jioni hiyo kuona ni nani waingiao.